Nimeinyima Hataza Shafti ya Mume Wangu kwa Wivu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na naomba kwanza unisome hadi mwisho kabla hujanifokea, maana ya kufokewa ninayo na nayajua, lakini nikianza na kosa utaiweka barua kando na hutajua kosa lenyewe limetoka wapi.

Mimi ni mke wa mtu, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni ukaguzi katika ofisi ya hataza. Kwa asiyeijua kazi hii, mtu au kiwanda kikibuni kitu kinaleta kwetu maelezo na michoro ili kipewe hataza, yaani haki ya kwamba kwa miaka kadhaa hakuna mwingine wa kukitengeneza kitu hicho bila ruhusa, na sisi wakaguzi tunakaa nacho tunajiuliza, je, ni kipya kweli au kuna mtu alishakifanya mahali, na kama ni kipya, je, kimetokana na ubunifu au ni jambo ambalo fundi yeyote mwenye akili timamu angelifikiria mwenyewe. Mimi niko upande wa mashine. Nasoma ubunifu wa watu kutwa nzima, nikifika nyumbani bado kichwa kinazunguka magurudumu ya wenzangu.

Mume wangu ni injinia katika kiwanda cha pampu za visima. Tulikutana chuoni, nikiwa msichana pekee darasani asiyeogopa mashine ya kukereza vyuma, na tangu siku ile aliponiona natoa chuma kwenye mashine bado cha moto akawa ananiita Fundi. Hakuniita mpenzi, hakuniita laazizi, aliniita Fundi, na mimi sikutaka jina lingine. Tulipooana tulikuwa na meza moja tu, ya kulia chakula hiyohiyo na ya kuchorea hiyohiyo, tukibishana juu ya boliti moja mpaka mpangaji wa chumba cha pili anagonga ukuta. Kisha wakaja watoto, nikachukua kazi ya ofisini kwa sababu ina saa zake na bima yake, yeye akabaki karakana, na lile jina likaondoka polepole bila mtu kulifukuza, siku hizi naitwa mama watoto kama mama watoto wengine.

Sasa, mwaka jana akawa kila akirudi anasema, leo Fundi kasema hivi, leo Fundi kanionyesha vile, Fundi ana kichwa yule we acha tu, na mimi, mshauri, kwa muda mrefu nilidhani ni mzee fulani wa karakana mwenye mvi na kikohozi, nikawa hata namsalimia, mwambie Fundi wako hujambo. Mpaka kiwanda kilipoalika familia za wafanyakazi. Tukafika, mume wangu akaniacha na watoto kwenye viti akasema anakwenda kuangalia kitu mara moja, hakurudi, nikamfuata. Nikamkuta kwenye benchi ya majaribio, shafti, ule mhimili wa chuma wa mota, inazunguka, na pembeni yake dada mmoja mwembamba, penseli imechomekwa kwenye nywele, grisi shavuni. Yule dada anasema, "Tukipunguza kina hapa..." na mume wangu anamalizia, "...mtetemo unahamia kule." Hawakugusana. Hawakutazamana hata. Walikuwa wanaitazama shafti. Mshauri, afadhali wangetazamana! Wanaotazamana najua nitawafanya nini.

"Mama watoto, huyu ndiye Fundi," mume wangu akasema.

"Shikamoo dada," yule akanipa mkono baada ya kuufuta kwenye suruali. "Nimesikia habari zako mpaka nikaona kama nakujua. Injinia anasema wewe ndiye uliyemfundisha kukereza."

Nikaitikia marahaba, nikacheka kwa meno tu, na njia nzima ya kurudi nyumbani nikawa nawauliza watoto kama wana njaa, wakisema hapana nawauliza tena.

Haikupita muda mrefu faili likatua mezani kwangu. Mwombaji ni kiwanda cha pampu, kitu kinachoombewa ni shafti ya rota ya mota ya pampu, wabunifu ni wawili, jina la mwanamke, bila shaka yule dada, limetangulia na la mume wangu limefuata, yamelala pamoja kwenye mstari mmoja. Nililisoma nikiwa nimesimama. Nikueleze kwa ufupi uelewe nilichokifanya. Mota inayozamishwa kisimani hupata joto, na joto baya zaidi hujikusanya katikati, kwenye rota, ile sehemu inayozunguka, basi shafti inayoibeba rota hutanuka na beringi zake hufa mapema. Hawa wawili wameitoboa shafti iwe kama bomba, ndani wakakata mfereji unaozunguka kama uzi wa skrubu, ili shafti ikizunguka ijivutie mafuta yenyewe na kujipoza. Hapo si pageni sana. Kigeni ni kile walichokiandika katika dai lao la tatu, yaani jambo la tatu wanalodai ni ubunifu wao, kwamba mfereji ukifika katikati unageuza mwelekeo, kwa hiyo mafuta yanaingia kutoka ncha zote mbili, yanakutana katikati na kutokea kwenye matundu, na zile nguvu zinazoisukuma shafti huku na huku zinauana zenyewe. Ni kitu kizuri. Kizuri mpaka kinaudhi.

Sheria yetu iko wazi kama mchana, ukiona jina la ndugu, mwenza au rafiki unalirudisha faili kwa mkuu wa idara, tena bila aibu yoyote, watu wanafanya hivyo kila wakati. Mimi situmii jina la mume wangu kazini, hakuna aliyegundua, nikajiambia nitalisoma tu nijue wanafanya nini huko, nikasaini kwamba nimelipokea.

Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama ile. Nilipekua hataza za zamani za kila aina, chakula cha mchana sikumbuki, jirani yangu wa meza akaniuliza kama natafuta cheo. Mwisho nikapata mashine ya kukaushia nafaka ya watu waliokufa siku nyingi, shafti yake ina mfereji wa kuzunguka, ila unakwenda upande mmoja tu. Haugeuki. Nikaandika ripoti kwamba dai la tatu linakataliwa kwa sababu kuugeuza mfereji ni jambo la kawaida kwa fundi yeyote wa fani hiyo, na mengine yote yanayolitegemea yanaanguka nalo. Neno "kawaida" nilipoliandika nilisikia utamu mdomoni kama nimelamba kitu. Ripoti zetu hazina jina la mkaguzi, zina namba tu. Ikaenda.

Siku chache baadaye mume wangu akarudi nyumbani, akanawa, akakaa mezani, akaisogeza sahani.

"Kazi yetu imekataliwa," akasema.

"Kazi gani?" nikauliza, mimi muongo.

"Kuna shafti tuliiombea hataza. Sikukwambia, na hata leo nisingekwambia, ila nimeshindwa kula."

"Na kwa nini ukanificha?"

Akanishangaa kabisa. "Ningekwambiaje na wewe uko palepale? Ningekuponza. Nilijua wewe hawatakupa, sheria yenu haikubali, nikasema basi bora asijue kabisa, mtu asije akamsema kwamba anambeba mumewe."

Nikamrudishia sahani mbele yake. Akaendelea, "Mimi mwenyewe sijali sana. Anayeniuma ni Fundi. Wazo la kugeuza mfereji ni lake, mimi nilisaidia vipimo tu, nikamwambia atoe jina langu akakataa. Yuko kwa mkataba, na wakubwa walimwahidi hataza ikitoka anapewa kitengo chake. Sasa wameanza kunong'ona kwamba labda hana kikubwa. Leo kakaa kwenye benchi yake kutwa nzima hajagusa kitu. Huyo mkaguzi ama hajui mashine, ama ana roho mbaya."

"Kula, chakula kinapoa," nikamwambia.

Na hapa ndipo naomba usinifiche unachokifikiria. Aliposema yule dada hajagusa kitu kutwa nzima, nilifurahi. Nilimsikia mtoto wa mwenzangu ameumia kwa mkono wangu nikafurahi, nikajiongezea chakula.

Kiwanda kimeshajibu kwa hoja nzito na kimeomba kikao. Kwenye kikao wabunifu wanakuja wenyewe na mkaguzi anakaa mbele yao uso kwa uso. Nimewaza niumwe siku hiyo. Nimewaza pia kwamba nina uwezo wa kuzikubali hoja zao kimyakimya, nitoe hataza, kikao kifutwe, yule dada apate kitengo chake, mume wangu ale, na mimi nibaki na siri yangu, kwani itamdhuru nani? Mshauri, niambie nifanye lipi, na niambie pia kama mume huyu bado ni wangu, maana sijawahi kumkuta na mwanamke popote, lakini naona nimeibiwa.

Ni mimi, Fundi wa Zamani.

MSHAURI ANAJIBU

(Huyu nilimjibu siku ileile barua yake iliponifikia, kwa sababu kikao hakingesubiri zamu ya gazeti. Leo naichapa kwa ruhusa yake.)

Mama, umeniomba nisikufokee kabla ya mwisho. Mwisho nimeufikia. Sasa kaa vizuri.

Unauliza kuitoa hataza kimyakimya kutamdhuru nani. Itamdhuru yule dada, kwa mara ya pili, na safari hii ukiwa unatabasamu. Hataza iliyotolewa na mke wa mbunifu ni nyumba iliyojengwa barabarani. Atakuja mshindani wa kiwanda, atauliza nani aliikagua, atachimba, atakuta kitanda kimoja, na hiyo karatasi itapasuliwa mbele ya watu. Mumeo ataitwa tapeli kwa kitu alichokifanya kwa haki. Yeye kajinyima hata kukwambia habari ili usiguswe na neno baya, na wewe unataka kumvalisha hilo neno mwenyewe? Acha. Liondoe kabisa kichwani. Na habari ya kuumwa siku ya kikao iondoe pia, utu uzima haukai nyuma ya homa ya uongo.

Kesho asubuhi, kabla hujafungua faili lolote, nenda kwa mkuu wako wa idara. Usimtume jirani wa meza akupimie hali ya hewa. Ingia, funga mlango, sema, "Faili hili mbunifu wake mmoja ni mume wangu, nililijua hilo tangu siku ya kwanza, nikalishika, na ripoti niliyoandika si ya haki. Naomba apewe mkaguzi mwingine aanze upya." Basi. Usimweleze habari za penseli kwenye nywele, hazimhusu. Utaadhibiwa. Ulitegemea nikwambie hutaadhibiwa? Adhabu hiyo ni yako, ichukue, ila ukiipeleka mwenyewe kwa miguu yako ni tofauti na kuja kufuatwa.

Jioni ya siku hiyohiyo mwambie mumeo. Isiwe kesho yake, isiwe baada ya watoto kumaliza mitihani. Asiisikie karakana. Na ukimwambia usianze na "wewe ndiye uliyemwita Fundi". Anza na ulichofanya, maliza ulichofanya, kisha nyamaza. Akikasirika ana haki ya kukasirika, usimpokonye hasira yake kwa kulia wewe kwa sauti kuliko yeye.

Sasa tuje kwenye huo moyo wako, maana sitaki uondoke umechapwa tu. Nakuelewa, mwenzangu. Wangekuwa wameshikana mikono ungejua pa kuanzia. Wewe umeuonea wivu ule ubishi wa boliti. Uliwaona watu wawili wametia vichwa kwenye chuma kimoja ukakumbuka kwamba hapo palikuwa pako, na hakuna aliyekufukuza, uliondoka mwenyewe kwa sababu watoto walihitaji saa na bima. Hiyo ni hasara ya kweli na ulistahili kuililia. Lakini hukuililia, ulienda kuitafutia mtu wa kuilipa. Ukamkuta binti anayekupa shikamoo.

Na huyu binti, umeona ulivyomwandika? Mwembamba, penseli, grisi. Barua nzima hukuniambia kama ana mzazi, kama ana mtoto, kama mkataba wake unakwisha lini. Na umemtaja mumeo mara chungu nzima. Kama kuna mtu aliyeibiwa katika habari hii, ni yeye, na kilichoibiwa ni kile alichokitoa kichwani mwake. Kwa hiyo mambo yakishafika ofisini, mwandikie au mwone, umwombe radhi kwa jina lake. Usimwite Fundi kwa mzaha, usimpelekee zawadi, usijifanye rafiki. Omba radhi, toka.

Kuhusu kama mume ni wako: mtu anayeficha furaha yake kubwa kuliko zote za mwaka ili mkewe asisemwe kazini, unaniuliza mimi ni wa nani? Nenda kwa bosi wako.

BAADA YA WIKI KADHAA

Mshauri, ni mimi tena. Nilikwenda. Bosi wangu ni mama mtu mzima, alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema, "Ningekuwa na wawili wanaojua mashine kama wewe ningekufukuza leo." Nimepewa onyo la maandishi na nimehamishiwa kwenye mapokezi ya maombi, napiga mihuri. Jirani yangu wa meza hanisalimii, anasema nimewachafua wote.

Mume wangu nilimwambia jioni ile. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu, "Ulipoandika ni jambo la kawaida, uliamini?" Nikamwambia hapana, ni kazi safi kuliko nilizosoma tangu niajiriwe. Akasema, "Basi ungeniambia hilo pale mezani," akaenda kulala sebuleni, na huko ndiko amekuwa akilala, tunaongea habari za watoto na gesi tu.

Yule dada nilimfuata langoni pa kiwanda, nikamwita kwa jina lake, nikasema kama ulivyonielekeza. Akanitazama mpaka mwisho. "Asante kwa kuja," akasema. "Sikusamehe lakini. Labda siku nyingine." Akapanda ngazi.

Mkaguzi mpya amelipitisha dai la tatu lote kama lilivyo, na kikao kimefutwa. Hataza inatoka, kitengo amepewa. Dai moja tu limekatwa, la tano, linalohusu namna ya kuziba ncha za shafti, kwa sababu kuna mtu alishalifanya zamani na hataza yake imo kabatini mwetu siku zote. Mimi nililiacha lipite. Juzi mume wangu akaja akasimama mlangoni jikoni, mikono mfukoni.

"Lile dai la tano," akasema, "ulilipitaje wewe?"

"Sikulisoma," nikamwambia. "Nilikuwa naliwinda la tatu."

Akatikisa kichwa. "Mkaguzi gani wewe," akasema, akavuta kiti akakaa. Mimi niliogopa hata kuzima jiko. Nifanye nini sasa, nimwombe arudi chumbani?

MSHAURI

Hapana, usimwombe. Amekuuliza swali la kazi, mjibu la kazi. Chukua karatasi umwonyeshe ungezibaje hizo ncha kama ingekuwa shafti yako, na akikupinga, pinga nawe, kwa hoja. Njia ya chumbani anaijua. Kwenye mihuri fanya kazi safi mpaka bosi achoke kukuona hapo. Na yule dada usimfuate tena langoni. Ile hasira mwachie, ni mali yake halali.